Bado Inawaka

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Fundi Makasha, na alikuwa ameitikia jina hilo muda mrefu kiasi kwamba akiitwa kwa jina la kitambulisho, aligeuka nyuma kutazama ni nani huyo anayetafutwa. Makasha ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Alinunua kompyuta za zamani, zile za rangi ya maziwa yaliyokaa, nzito, pana kama sanduku la nguo. Akazifungua, akazitoa matumbo yote, halafu ndani ya kasha tupu akapanga mitambo mipya ya leo. Ukiiona mezani ungedhani imetoka ofisini kwa babu yako. Ukiiwasha, inafunguka kabla hujavuta kiti ukakaa.

"Watu wanapenda sura ya zamani," alizoea kusema, "lakini hawapendi mwendo wa zamani."

Na kazi yake ilikuwa safi, hakuna wa kumtolea kasoro. Plastiki aliisugua mpaka unjano wa miaka ukakubali kuondoka. Kitufe cha kuwashia alihakikisha kinaendelea kulia kwach! kama kilivyolia zamani, na taa ndogo ya kijani inawaka palepale ilipowaka siku zote. Angeweza kushinda mchana kutwa na tupa mkononi, akipanua tundu moja la nyuma kidogokidogo, ili mradi waya mpya utokee pale ulipotokea waya wa zamani na mtu asishtuke. Wateja wake walikuwa watu wa maduka ya nguo, wa studio za picha, na wakili mmoja aliyependa meza yake ionekane ina umri mkubwa kuliko yeye.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Nyuma ya mlango wenyewe, ule unaofungwa na kufunguliwa, lilikaa gunia, na humo ndimo alimotupa matumbo: mbao za saketi, visanduku vya umeme, nyaya, feni zilizochoka. Likijaa, mumewe, dereva wa pikapu ya mizigo, alilipakia na kulipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Siku hiyo chumba kilionekana kimepumua.

Mwanzoni alizipasua zilizokufa tu. Lakini kompyuta iliyokufa mara nyingi kasha lake nalo limekufa: limepasuka pembe, limelowa, au panya wamelea watoto ndani yake. Makasha mazuri yalikuwa ya zile nzima, zilizokaa ndani ya nyumba za watu, zikifutwa vumbi. Ndipo akaanza kupasua na nzima. Ile ya kwanza ilimpa tabu. Aliiwasha, akaitazama inavyoandika maandishi yake ya kijani, akaizima, akaiwasha tena. Ya pili aliiwasha mara moja. Baada ya hapo akaacha kabisa kuziwasha. Usipoiwasha hujui kama ni nzima, na usipojua, huna kesi na mtu.

Aliyekuwa na kesi naye ni mumewe.

"Hiyo nayo si ilikuwa inawaka?" angeuliza akiwa mlangoni, amebeba viatu mkononi.

"Inawaka, halafu?"

"Halafu unaichinja."

"Kwani wewe ungeitumia?"

"Mimi nisingeitumia."

"Mtu mwingine?"

"Sijui mtu mwingine."

"Basi ndiyo maana iko hapa," alimjibu, na bisibisi ikaendelea kuzunguka. Wala hakuwa akijitetea ovyo. Aliamini kabisa kwamba mashine inayowaka bila mtu wa kuikalia mbele yake haina tofauti na sahani ya kabatini, na kwamba yeye alikuwa akiirudisha mezani, kati ya watu. Mumewe alikuwa na hisia tu, hoja hana, na mtu mwenye hisia bila hoja akibishana na fundi huishia kunawa mikono na kukaa mezani kula.

Sasa, fundi huyu alikuwa na dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, mwanamke wa sauti ndogo na maamuzi makubwa. Dada alikuwa na karakana ya kudarizi: nembo za sweta za shule, majina ya makampuni kwenye mashati, maua kwenye mashuka ya maharusi. Kazi yote hiyo ilifanywa na cherehani moja kubwa yenye sindano zilizojipanga kama meno ya chanuo. Na cherehani hiyo haikuwa na akili yake yenyewe. Iliambiwa cha kushona na kompyuta ya zamani iliyokaa pembeni, ya aina ileile anayoipasua mdogo mtu, kwa waya mnene uliochomekwa kwenye tundu la pini nyingi ambalo kompyuta za siku hizi hazina.

Dada alikwisha kujaribu kuhamia kwenye kompyuta mpya. Alitafutiwa kiunganishi, kikachomekwa, watu wakapiga makofi. Cherehani ikashona nembo ya shule moja yenye simba, na simba akatoka kama godoro lililochanika. Waliijaribu tena na tena, godoro likawa linabadilika rangi tu. Dada akarudisha kompyuta yake ya zamani, na ndipo alipomwambia mdogo wake:

"Mdogo wangu, katika hizo unazopasua, ukikuta ndugu ya hii yangu, nzima, niwekee moja. Siku hii ikinigomea niwe na akiba."

"Usijali dada, nitakuwekea."

"Kweli?"

"Dada, wewe tena!"

Aliyasema hayo akiwa anatafuta funguo za nyumba ndani ya mkoba. Funguo alizipata. Maneno yalipotea humohumo mkobani. Tangu siku hiyo mikononi mwake zilipita kompyuta za aina ile zaidi ya moja, zaidi ya mbili, na zote zilikwenda njia moja: kasha kwa mteja, matumbo guniani.

Basi akaja kinyozi. Kinyozi huyu alikuwa amefungua saluni mpya barabara kuu, na alikuwa amejaza humo vitu vya zamani: viti vya ngozi vya kuinamisha, redio ya mbao, saa ya ukutani yenye mlio. Kilichobaki ni kompyuta ya mapokezi, ya kuandikia zamu za wateja na kupigia muziki.

"Nataka ile yenyewe, fundi," alisema. "Si ya kuigiza. Mteja akiingia, aikute pale, aulize: na hii je, ilikuwepo uliponyolewa mara ya kwanza?"

Walicheka, wakakubaliana, na fundi akaanza kuulizia huku na huku. Akaelekezwa kwa mama mmoja, katibu muhtasi mstaafu, aliyekuwa akihamia kwa mwanawe na kugawa vitu vya nyumba. Alimkuta amekaa juu ya sanduku sebuleni, amezungukwa na mapazia yaliyokunjwa. Kompyuta ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini ya kitambaa ilikuwa safi hadi kwenye nyufa za kibodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo. Ni nzima, haijawahi kunisumbua." Na kabla fundi hajasema kitu, mama alinyoosha mkono akaiwasha. Ilivuma, ikahesabu kumbukumbu zake, ikaandika inachoandika, ikangoja.

Hapo fundi aliona bora aseme. Si kawaida yake, lakini huyu mama alikuwa amemkaribisha vizuri, na kompyuta ilikuwa inamtazama.

"Mama, nisikufiche. Mimi nitaitoa vya ndani vyote. Ninachohitaji ni kasha."

Alitegemea uso ubadilike. Mama akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Kwani umeniona nalia? Mwanangu, kwa hiyo mashine nimepiga barua za watu wengine ujana wangu wote. Ya kwangu hata moja. Vifundo vya mikono hivi unavyoviona vimevimba, ni kazi yake. Ipasue tu. Ukitaka nije nikushikie, nitakuja."

Fundi alirudi nyumbani moyo mweupe. Mumewe ndiye aliyeibeba kutoka kwenye pikapu.

"Hata mwenyewe karidhia," alimwambia, kabla hajaulizwa.

"Mwenyewe karidhia kwa sababu kaichoka," mumewe alisema, akiitua mezani taratibu. "Kompyuta yenyewe haijachoka."

Mchana huohuo fundi aliifungua. Na kwa kuwa hakuwa na haja tena na vya ndani, hakuhangaika kuchomoa nyaya moja moja kama mtu anayetarajia kuzirudisha. Alizikata kwa koleo. Kisanduku cha umeme kikatoka, nyaya zake zimebaki zimesimama kama masharubu. Ubao mkuu ukafuata. Vyote guniani. Gunia likajaa, na asubuhi yake mumewe akaondoka nalo, huku fundi akisugua kasha kwa kitambaa na kuimba peke yake.

Alikuwa hajamaliza upande mmoja simu ilipolia. Dada.

"Imekufa," dada alisema. Sauti yake ndogo ilikuwa imepungua zaidi. "Imetoa moshi, ikanuka, ikazima. Nimeiwasha hainiitikii."

"Pole dada. Labda ni waya tu."

"Si waya, mdogo wangu, nimeona moshi na macho yangu. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Sweta zimelala hapa nusu zina nembo, nusu hazina." Kisha akashusha pumzi. "Lakini nimewaambia wenzangu hapa wasiwe na wasiwasi, kuna ile uliyoniwekea. Mmoja ananiambia, atakuwa ameshaisahau. Nikamwambia huyo humjui wewe, huyo nimemlea mimi."

Fundi alibaki na kitambaa hewani. Mbele yake kasha la katibu muhtasi, la aina ileile ya dada, lilikuwa limefunguliwa kinywa, tupu, unaona ukuta upande wa pili.

"Upo?" dada aliuliza.

"Nipo."

"Nije kuichukua?"

"Usije!" Sauti ilitoka kwa nguvu mno. Akaishusha. "Usije dada, utajichosha bure. Nakuja nayo mimi."

"Mungu akubariki," dada alisema, akakata simu.

Alimpigia mumewe huku anavaa viatu.

"Umeshafika kwa watu wa chakavu?"

"Nimefika, nimeshusha, nimeondoka. Sasa hivi nina mzigo wa matofali."

"Njoo unichukue. Sasa hivi."

"Na matofali?"

"Njoo na matofali!"

Mumewe alikuja na matofali. Njiani fundi alimweleza yote, akitazama nje dirishani, na alipomaliza alingoja aambiwe, si nilikuambia. Mumewe hakusema. Aliminya honi kumwondoa mbuzi barabarani, akaongeza mwendo kadiri matofali yalivyoruhusu. Fundi alitamani angesema tu, amalize.

Kwa wanunuzi wa chakavu palikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, na ndani yake vilima: kilima cha makopo, kilima cha vyuma vya vitanda, kilima cha nyaya. Mwenye uwanja, mama mnene mwenye glavu za mpira, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na kutoka nyuma ya kilima cha makopo ulikuja mlio uliomfanya fundi akimbie hata kabla hajasalimia. Ko! Ko! Ko! Nyundo.

"Mama, gunia alilolileta huyu bwana leo, liko wapi?"

"La vikompyuta? Limeshamwagwa, linapigwa kule."

Nyuma ya kilima kijana wa miraba minne alikuwa amepiga goti moja juu ya turubai, nyundo mkono mmoja, mkono mwingine akichagua. Mbao za saketi alizipiga zikaachia vyuma vyake, vyuma akavitupa kulia, mabaki kushoto. Rundo la kushoto lilikuwa limeshakuwa kubwa.

"Simama kwanza, kaka! Simama!"

Kaka alisimamisha nyundo juu, akamtazama kama anayetazama mtu aliyepigwa na jua kichwani. Fundi alipiga magoti kwenye turubai na kuanza kupekua. Alianza na rundo la kushoto, kwa kuwa ndilo alilokuwa akiliogopa. Mbao zilizovunjika zilikuwa na vumbi lake la miaka, zimeganda nywele na utando wa buibui. Ya katibu muhtasi isingekuwa hivyo, ile ilikuwa safi. Akageuza kipande baada ya kipande. Vumbi. Vumbi. Vumbi. Mumewe naye alishapiga magoti upande wa pili, suruali yake ya kazi nyekundu kwa tofali, akimwinulia vipande na kuuliza kwa macho, naye akitikisa kichwa.

"Mnatafuta nini hasa?" kaka mwenye nyundo aliuliza.

"Ubao wa kijani, mkubwa, msafi, kama umetoka dukani jana."

"Huu?" Aliinua goti. Ulikuwa chini ya goti lake, umelazwa juu ya gunia lenyewe lililokunjwa, ukingoja zamu yake. "Huu niliuweka nipigie goti, chini pana moto."

Fundi aliupokea kwa mikono miwili. Aliugeuza juu na chini, akaupuliza, akautazama kwa pembeni kama mpishi anayeangalia mchele kama una mawe. Haukuwa na ufa. Haukuwa umepinda. Kisanduku cha umeme nacho walikipata, kimetupwa kwenye kilima cha nyaya, masharubu yake bado yamesimama. Mama mwenye uwanja hakutaka maneno mengi. "Chukueni," alisema, "ila siku nyingine mkipenda kitu msinipe."

Kwa dada waliwakuta wamekaa. Hicho ndicho kilichomshtua fundi kuliko kila kitu, kwa sababu hakuwahi kuikuta karakana ile imekaa. Cherehani imenyamaza, wadarizi wawili wamekunja mikono, sweta za buluu zimepangwa kwa marundo mpaka dirishani. Dada alisimama, akatazama nyuma ya mdogo wake, kuelekea mlangoni, kuona kompyuta inavyoingizwa. Aliyeingia ni shemeji mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu.

"Iko wapi?"

Fundi alikuwa ameufungia ubao kwenye mtandio wake, ameukumbatia kifuani. Njiani alikuwa ametunga maneno mazuri, ya kuzungukazunguka. Yote yakamkimbia.

"Dada, sikukuwekea. Niliahidi nikasahau. Kama yako zimepita kwangu, nikazipasua zote. Hii nimeipasua jana, na leo nimeiokota kwenye nyundo. Sijui kama bado inafanya kazi."

Wadarizi walipata ghafla kitu cha kutazama kwenye kucha zao. Dada alivuta kigoda kwa mguu, akakisogeza mbele ya kompyuta iliyokufa.

"Haya," alisema. "Tengeneza."

Fundi alikaa. Alifungua kompyuta ya dada, na harufu ya kuungua ikamjibu: ubao ulikuwa na doa jeusi katikati, na kisanduku cha umeme kilikuwa kimekwenda nao. Lakini diski, ile inayotunza michoro yote ya nembo, ilionekana haina neno. Basi kazi ilikuwa hiyo: kasha la dada, diski ya dada, na matumbo ya katibu muhtasi. Aliutoa ubao ulioungua, akaingiza ule mwingine, na matundu ya skrubu yakakutana kama ndugu kweli. Kisha akaja kwenye nyaya alizozikata.

Hapo ndipo alipolipa jeuri ya koleo. Kila waya aliukwaruza ganda, akausokota na mwenzake wa rangi moja, akaulehemu kwa risasi, akaufunga kwa utepe wa gundi. Kazi ambayo ingekuwa ya kuchomeka tu mara moja, sasa ilikuwa ya mshono mmoja mmoja. Kwenye wa tatu aliinama karibu zaidi, akikunja macho kutafuta mwanga. Dada aliona. Alikuja akasimama karibu na kumshikia taa.

"Washa," fundi alisema alipomaliza. Yeye mwenyewe hakuthubutu.

Dada alibonyeza. Feni ikakohoa, ikazunguka. Skrini ikakaa nyeusi muda wa mtu kukata tamaa, halafu maandishi yakatokea. Mumewe alipiga paja lake, vumbi likaruka.

"Inasema nini?" dada aliuliza, kwa kuwa mdogo wake hakushangilia.

"Inasema haiijui diski yako."

"Basi ziamkiane! Mimi nizitambulishe?"

Mdarizi mmoja alicheka, akaziba mdomo. Na kicheko hicho ndicho kilichomwondolea fundi ukungu kichwani. Ziamkiane: ndiyo! Kompyuta za umri ule huwezi kuzichomekea diski ukakaa. Lazima uziambie kwa mkono diski ina ukubwa gani, na vipimo vyake vimebandikwa mgongoni mwa diski yenyewe. Aliwahi kulijua hilo kama anavyojua jina lake. Kwa kuzipasua bila kuziwasha alikuwa amelisahau. Aliinama, akasoma, akaandika tarakimu, akazima, akawasha.

Diski ikaguna, ikakwaruza, ikakimbia. Programu ya kudarizi ikafunguka na fremu yake ya buluu. Dada aliupenyeza mkono nyuma, akasukuma waya mnene kwenye tundu lake. Cherehani ikalia tii! kama mtu aliyeamshwa, sindano zote zikapanda juu, zikasimama tayari.

Dada akafunga sweta ya kwanza kwenye fremu. Sindano ilianza na mkia. Wakautazama mkia. Ikaja miguu, tumbo, kifua. Kwenye shingo fundi alifumba macho, kwa sababu hapo ndipo simba wa siku ile alipoanza kuwa godoro. Alipofumbua, manyoya yalikuwa yameshatimia, macho yakiwa mahali pa macho, na mdomo umefunguliwa kunguruma.

Dada aliitoa sweta, akaikunjua, akaiinua dirishani. Kisha akakaa juu ya rundo la sweta, akacheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, na fundi akacheka naye huku akilia zaidi yake, wadarizi wakacheka kwa kuwa walikuwa wakizuia tangu mchana. Mumewe alitoka nje akaenda kuyaangalia matofali ya watu.

"Ngapi umezipasua kama hii?" dada aliuliza baadaye, cherehani ikiwa imeshashika kasi na mtu analazimika kupaza sauti.

"Sijui dada."

"Na zote zilikuwa zinawaka?"

"Hata hilo sijui. Nilikuwa siziwashi."

Dada alitikisa kichwa. "Sikwambii uache. Ile uliyomtengenezea wakili, mimi naisifu kila ninakokwenda, watu wanadhani nimetia chumvi. Ninachokwambia, washa kwanza. Ikiwaka, ulizauliza kama kuna mtu anaihitaji. Akikosekana, basi, fanya yako."

"Na kama nikisahau?"

"Ukisahau nitakuja kukaa hapo karakanani kwako, na unajua ninavyopenda kupanga vitu vya watu."

Hilo lilitosha kumtisha.

Kasha la kinyozi lilikwenda siku yake iliyopangwa. Lilikaa mapokezi, kati ya redio ya mbao na chupa za manukato, likipiga muziki bila kukwama, na kinyozi aliligusagusa kama ng'ombe mpya wa maziwa. Hakujua lolote la nyundo wala la matofali, na hakukuwa na sababu ya kumwambia. Kwa hiyo kompyuta moja ya katibu muhtasi ikawa inafanya kazi mahali pawili.

Fundi hakuacha kupasua. Lakini aligongelea rafu ukutani, na kila kompyuta iliyoingia aliiwasha kwanza. Iliyokufa ikaenda mezani moja kwa moja. Iliyowaka ikapanda rafuni, naye akaulizia kwa watu wa viwanda vidogovidogo. Akashangaa. Palikuwa na mwenye mashine ya kukata karatasi, aliyekuwa akiifunika kompyuta yake blanketi wakati wa baridi. Palikuwa na mchongaji vyuma aliyesali kabla ya kuiwasha. Watu hawa walikuwepo siku zote, ila hawakuwa watu wa kupita madukani wakitafuta vitu vyenye sura ya zamani, na yeye hakuwa mtu wa kupita viwandani. Zilizokaa rafuni mpaka zikakosa wa kuziulizia alizishusha na kuzipasua, bila majuto, kwa kuchomoa nyaya na si kuzikata.

Asubuhi moja mchongaji vyuma yule alikuja mbio, kompyuta yake imezimika katikati ya kazi ya watu. Fundi alishusha moja kutoka rafuni, akaichomeka hapo hapo ili aione ikiwaka kwa macho yake. Bwana yule aliitazama mpaka ikamaliza kuhesabu kumbukumbu zake, akashusha mabega, akavuta pumzi ndefu mpaka shati likafunguka kifungo. Kisha akaikumbatia na kutoka nayo mlangoni, hata kuaga akasahau. Fundi alimsindikiza kwa macho akiipakia kwenye mkokoteni na kuizungushia koti lake ili isigongwe. Halafu akajimiminia chai, akakaa mlangoni kwenye jua, na kwa muda hakufanya kitu chochote.